Viti vya Maktaba ya Baba Dogo

Wakubwa wa idara ya maktaba wameniomba mimi, kwa vile nimestaafu majuzi, niwaachie vijana "uzoefu wangu" kwenye mfumo. Nikaifungua hiyo fomu kwenye simu. Kisanduku cha kuandikia kilikuwa kifupi kuliko tangazo la kifo la redioni, na nilipofika kwenye jina la bosi wangu wa kwanza kikaniambia nimezidisha maneno. Basi nikaachana nacho. Naandika hapa kwa kirefu, na anayetaka ufupisho aiulize mashine, si ndiyo kazi yake siku hizi?

Mimi ni Nafula. Nilikuwa mkutubi wa tawi la mtaa wa Baba Dogo, lile jengo la mawe lililobanwa na ploti za kupanga upande mmoja na viwanda upande wa pili, mpaka idara iliponikatia keki na kunipa saa ya ukutani. Yaani mtu anangoja astaafu ndiyo apewe saa! Nilipanda cheo lini na nililipwa nini sitawaambia. La kwanza halikutokea sana, na la pili mnalijua wenyewe.

Siku ya kwanza nilifika na viatu vya kisigino na diploma kwenye bahasha ya kaki. Chuoni nilikuwa nimefundishwa kupanga vitabu kwa namba, kuandika kadi za katalogi, na kuzungumza na msomaji kwa upole mpaka ajue anachotafuta. Msimamizi wa tawi alikuwa Mzee Barasa, mtu wa Bungoma, mkimya, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Bahasha yangu hakuitazama. Alinipa kitambaa chenye maji.

"Anza na viti," akasema.

"Viti, mzee?"

"Viti, binti yangu. Vitabu vitakungoja. Vina haraka gani?"

Nilifuta viti nimenuna. Ule mdomo wangu mngeuona, mngeutundikia koti. Kisha Mzee Barasa akafungua mlango, na watu waliokuwa wamejipanga nje wakaingia kwa vishindo. Wakazipita rafu zetu bila kugeuza shingo, wakakaa, wakatoa madaftari yao kwenye mifuko ya plastiki, wakainamisha vichwa. Mpaka saa ya chakula hakuna aliyekuwa amegusa hata kitabu chetu kimoja.

"Hawa wamekuja na vitabu vyao," nikamwambia Mzee Barasa.

"Wanavyo. Shida yao ni mahali pa kukaa."

Mkiijua Baba Dogo hamtahitaji nieleze. Chumba ni kimoja, pazia katikati, huku kitanda, kule jiko. Mtoto analia, jirani anachomelea milango ya chuma, na redio ya ghorofani mnaisikiliza wote mpende msipende. Mtu akitaka kusoma mtihani atasomea wapi? Ndiyo wakawa wanakuja kwetu. Ripoti za makao makuu zilitaka idadi ya vitabu vilivyoazimwa, na kila mwisho wa mwezi ripoti yetu ilionyesha tawi ni kama limekufa, ilhali mimi nilikuwa siwezi kupita ukumbini bila kumkanyaga mtu.

Viti vilikuwa vichache, kwa hiyo palikuwa na desturi ya kuweka kiti. Hakuna aliyeiandika popote. Mlango ukifunguliwa unakimbia, unaweka kitu chako juu ya kiti, kisha unaweza kwenda kufua au kupeleka mtoto kwa nyanya yake, nacho kitu kitakukalia mpaka urudi. Lakini lazima kiwe kitu kinachouma ukikipoteza. Kalamu haikubaliki, kalamu mtu anaweza kuitupa. Weka kiatu kimoja, weka ufunguo wa nyumba, weka sufuria ya kupikia ugali, hapo watu watajua kweli unarudi. King'ora cha kiwanda cha saa ya chakula kikilia na hujarudi, kitu chako kinawekwa chini polepole, na kiti kinachukuliwa. Sijawahi kuona watu wakipigana kwa ajili ya hilo. Walinung'unika, lakini walifuata.

Kesi ngumu zilikuwepo. Kuna bwana mmoja aliweka jogoo, amefungwa miguu ndani ya katoni, katumiwa na watu wake kutoka Kakamega. Jogoo akawika. Ukumbi mzima ukanigeukia mimi, nami nikamgeukia Mzee Barasa. Akavua miwani, akafikiri, akatoa uamuzi mbele ya wote: jogoo ni kitu kinachouma, kwa hiyo kiti kimewekwa kihalali, ila akiwika tena atatoka. Akawika. Mzee Barasa mwenyewe akambeba hadi kivulini, na kiti akakiwekea kofia yake ili yule bwana asionewe.

Vyombo vya kazi vilikuwa muhuri wa tarehe, wino wa zambarau, sindano nene ya kushonea magunia, na gundi tuliyoipika wenyewe kwa unga wa ngano. Mende waliipenda hiyo gundi kuliko wasomaji walivyowahi kupenda vitabu. Mzee Barasa alinifundisha kushona kitabu kilichofumuka, kukikaza mgongo kwa kitambaa, na kukilaza chini ya tofali mpaka kikauke. Nilishona mamia. Vilirudi kwenye rafu vikiwa imara kabisa, vikakaa hapo bila kusumbuliwa na mtu. Alipostaafu akarudi Bungoma, nami nikaachiwa ufunguo wa tawi.

Kisha zikaja kompyuta. Zilikaa kwenye makatoni kwa muda mrefu kwa sababu waliozileta walisahau kuuliza kama tuna soketi za stima. Zilipowashwa tu, kazi yangu niliyosomea ikaisha, nikapewa nyingine bila kuulizwa. Nikawa mtu wa kuandika CV, kuomba cheti cha kuzaliwa, kutafuta cheti cha tabia njema, kujaza maombi ya vyuo. Watu wa Baba Dogo hawana desturi ya kukumbuka nywila. Wakanikabidhi mimi. Nilikuwa nikienda gengeni kununua mboga ya sukuma, mtu ananisimamisha mbele ya watu: "Madam, sasa? Kwani ile password yangu ni gani?" Nami ninamjibu palepale, jina la mamake na mwaka wa kuzaliwa, na mwenye genge anasikia yote. Kwenye semina nilifundishwa kwamba huko ni kuhatarisha usalama wa data. Nilikubali kwa kichwa, nikala mandazi ya semina, nikarudi kwa watu wangu.

Sasa niwaambie kuhusu Risper, kwa sababu yeye ndiye sababu ya kuandika haya yote.

Risper alikuwa mama wa watoto watatu, anapakia sabuni kiwandani. Alikuwa ameacha shule kidato cha tatu alipopata mimba ya kifungua mimba wake. Baada ya miaka mingi akajiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kibinafsi. Alikuwa anatoka shifti ya usiku asubuhi, anapitia nyumbani kuwaamsha watoto, kisha anakuja kwetu na nywele bado zina unga wa sabuni. Kitu chake cha kuweka kiti kilikuwa viatu vyake vya kazi. Nilimuuliza anatafuta nini hasa.

"C tu, Madam. C plain. Nikiipata naingia chuo, nisomee kufundisha watoto wa chekechea. Nikiikosa, mimi ni wa sabuni mpaka kaburi."

"Hesabu zikoje?"

"Hesabu ni adui yangu. Lakini tunaongea."

Kwa miaka miwili walikuwa wanaongea, yeye na hesabu, kwenye kiti cha karibu na dirisha. Nilianza kumwombea kimoyomoyo, mimi ambaye wasomaji nilikuwa nimezoea kuwaombea watoke mapema nifunge.

Ilikuwa imebaki miezi michache afanye mtihani wakati idara ilipotuletea mageuzi. Yaliletwa na Collins, kijana mtaratibu, mwenye heshima, amesoma haswa. Desturi ya kuweka kiti ikapigwa marufuku, eti viatu na sufuria vinaharibu sura ya taasisi. Kila kiti kikabandikwa namba, na mtu akawa anahifadhi kiti kwa simu. Kamera ikafungwa darini kuhesabu vichwa. Kichwa kikionekana kwenye kiti ambacho hakijahifadhiwa, ujumbe unamfikia Collins huko aliko. Na mimi nikaambiwa mkutubi wa kisasa hakai kaunta, anatembea ukumbini na tableti akiwahudumia wateja. Walikuwa wamebadilika kutoka wasomaji wakawa wateja, mimi sina habari.

Risper alihifadhi kiti siku ya kwanza bila shida. Siku ya pili mfumo ukamfungia. Ujumbe ulisema amefanya udanganyifu.

Kosa lake lilikuwa nini? Katika ploti yao ni yeye peke yake mwenye simu ya kugusa. Wengine wana mulika mwizi, zile simu ndogo za tochi. Mama wa chumba cha pili akamwomba amhifadhie kiti mwanawe wa darasa la nane, wa chumba cha tatu naye akaomba, na Risper, ambaye hajui kusema hapana, akaandikisha watoto wa ploti nzima kwa laini yake na kwa namba ya kitambulisho chake. Huku kwetu huo ni ujirani. Hata maji na stima wanalipia kwa simu moja. Kwa mfumo, huyo alikuwa mtu mmoja mroho anayetaka kukalia viti kumi na viwili kwa wakati mmoja.

Nikampigia Collins.

"Madam, hiyo namba ishawekwa alama. Nikiifungua mimi, itaonekana nimeingilia."

"Si mtu mmoja, Collins, ni ploti."

"Naelewa, Madam. Lakini mfumo haujui ploti."

"Basi anunue laini nyingine?"

"Kitambulisho ndicho kimeshikwa. Hata akinunua kumi ni kazi bure. Hebu jaribu kumwandikia Msaidizi."

Msaidizi ni ile mashine ya kujibu maswali. Nikaiandikia: Risper amefungiwa kimakosa. Ikajibu: Karibu! Ungependa kuhifadhi kiti? Nikaandika: La, kuna mtu amefungiwa. Ikajibu: Nimefurahi kusikia hivyo! Chagua siku. Haki ya Mungu, niliishika ile tableti nikatazama dirisha, nikatazama tableti.

Risper alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wake, viatu vya kazi mkononi, hajui aviweke wapi. Hakulia. Aliniambia tu, "Wacha niende, Madam, nitasomea kwa choo ya ploti, kuna taa." Na alikuwa hatanii. Huyu mtu alikuwa na C yake mbele, na kilichomzuia kilikuwa kiti.

Basi nikatazama ukumbi. Viti vyote vina namba. Kisha nikatazama kaunta. Kiti cha kaunta hakikuwa na namba, kwa sababu ni cha mkutubi, na mkutubi alikuwa amekatazwa kukikalia. Kamera haikukihesabu. Kilikuwa kitupu kutwa nzima, kwa amri ya idara.

"Njoo huku," nikamwambia. "Kaa hapa. Mimi nimeambiwa nitembee."

Akakaa. Akafungua hesabu zake. Haikupita muda, mzee mmoja akamjia na karatasi: anataka kuomba cheti cha mjukuu. Risper akanitafuta kwa macho, nilikuwa mwisho wa ukumbi natembeza tableti kama nilivyoagizwa. Akamjazia mwenyewe. Kesho yake walikuja watatu. Wakamkabidhi nywila zao. Aliwahudumia, akirudi kwenye hesabu akawa anaendelea pale alipoachia, na mimi jioni nilikuwa nasahihisha majibu yake kwa kalamu nyekundu. Nilikuwa nimesahau hesabu zote, tukajifunza pamoja.

Mtihani ukiwa umekaribia kabisa, makao makuu wakatangaza kuja kuona mageuzi. Nilimwambia Risper abaki nyumbani siku hiyo. Akasema nyumbani kuna mtoto mgonjwa wa jirani, kelele tupu, na karatasi ya pili ya hesabu bado hajaishika. Nikafikiri watachelewa, wakubwa huchelewa. Walifika mapema.

Mkurugenzi aliingia na watu wake, Collins nyuma yao, mimi niko katikati ya rafu na sweta yangu ya baridi. Akaelekea moja kwa moja kaunta. Risper alikuwa anamsaidia mama mmoja kutuma maombi ya chuo ya mwanawe. Mkurugenzi akasimama akamtazama mpaka akamaliza.

"Vizuri sana! Na unautumia huu mfumo wetu mpya?"

"Mfumo unanijua vizuri, Madam," Risper akajibu, na hakutikisika hata ukope.

Mkurugenzi akafurahi kupita kiasi. Akawaambia wenzake kwamba huyu ndiye mkutubi wa kesho, mwepesi, hana makuu, yuko karibu na wananchi. Wakapiga picha. Risper akatabasamu, kitabu cha hesabu amekificha magotini. Kisha Mkurugenzi akageuka akaniona.

"Na wewe, mama, umekuja kusoma nini leo?"

Miaka yote ya kazi, jamani.

"Nimekuja kutafuta kiti," nikasema.

Collins alikuwa pembeni yake. Yeye peke yake alitujua sote wawili, na ile namba iliyowekwa alama aliijua. Nilimwona akiitazama kaunta, akanitazama mimi, akaitazama kamera yake darini. Neno moja tu lilitosha Risper atolewe na mtihani uharibike. Collins akakohoa.

"Mkurugenzi," akasema, "kule Burma kwa wachoma nyama tuliagiza mbuzi. Tukichelewa watatupa mifupa."

Wakaondoka. Karamu za Burma sijawahi kuzipenda, lakini siku ile niliibariki ile nyama. Picha ya Risper ikawekwa kwenye ukurasa wa idara, na chini yake maneno kuhusu sura mpya ya huduma za maktaba. Watu wa kiwandani wakamuuliza amepata kazi lini. Collins hakuwahi kunitajia jambo hilo, wala mimi kwake. Nilimshukuru kwa kumtumia maparachichi.

Mtihani akaufanya. Matokeo yalipotoka alikuja na simu yake lakini akakataa kuitazama, akanipa mimi. "Uniangalilie, Madam. Mimi macho yamekataa." Tovuti ilikwama, ikafunguka, ikakwama tena. Ilipofunguka nikaona C. Hesabu alikuwa amepata D ya kuaibisha, lakini Kiswahili na dini vilikuwa vimemvuta juu. Nikamwonyesha kioo. Risper akajishika kichwa, akazunguka kaunta, akanikumbatia, na mimi nikalia mbele ya wateja wangu wote. Sioni haya kusema. Tukiwa bado tumeshikana, ile simu ikatetemeka, ujumbe wa Msaidizi: ombi lako limeshughulikiwa, sasa unaweza kuhifadhi kiti. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Zamu yangu ya kuondoka ikafika. Collins alikuja mwenyewe kuniambia, na alikuwa na huzuni ya kweli, kwamba nafasi yangu haitatangazwa. Msaidizi atajibu maswali na mlinzi atafungua mlango. Rafu nazo zitaondolewa ziwekwe skrini, kwa sababu takwimu zinaonyesha vitabu havishikwi na mtu. Sikubishana naye kuhusu hilo. Mnajua takwimu ni za kweli, ripoti nilikuwa naziandika mimi.

Jumamosi yangu ya mwisho, Risper akaja. Hakukaa. Chuo kilikuwa bado hakijafunguliwa, na hakuwa na madaftari, mfuko wake ulikuwa mtupu. Akaenda akasimama mbele ya rafu, mikono nyuma, kama mtu aliye kwenye kanisa la watu wengine.

"Madam," akaniita polepole. "Hivi vitabu vyenu. Mtu anaruhusiwa kushika?"

"Kushika?"

"Kushika, aende navyo nyumbani. Asome tu, bila mtihani."

Nikakosa pa kuuweka uso wangu. "Risper, miaka yote hii umekaa hapa ulidhani ni vya nini?"

"Nilidhani ni vya ofisi."

Alichagua kitabu kinene cha hadithi. Nikakiskani kwa tableti. Ikaandika kimeratibiwa kuondolewa, hakiazimwi. Nikaizima. Nikampa mkononi.

"Na nikimaliza nitamrudishia nani? Wewe unaenda."

"Usirudishe. Mpe wa chumba cha pili. Akimaliza ampe wa tatu."

Akanitazama vizuri. "Na ploti ikiisha?"

"Ploti za Baba Dogo ziliwahi kuisha?"

Akatazama zile rafu, toka mwanzo hadi mwisho, kisha akaufungua ule mfuko kwa mikono miwili.

"Basi nijazie," akasema.

Nikamjazia.